Badilisha Oili Kabla Pikipiki Haijalala

(Muziki wa ufunguzi. Sauti inashuka, mtangazaji anaanza.)

Kipindi hiki ni chako wewe uliye hapa Mantapala, na wewe jirani yetu wa Nchelenge, Kashikishi, Mbereshi na Mwansabombwe. Kama jirani yako ana pikipiki, mwite aje akae karibu, maana leo tunazungumza mambo yake.

Tuko Novemba. Mvua zimeanza. Tarehe 1 Desemba uvuvi utafungwa hapa kwenye Ziwa Mweru na mto Luapula, kama inavyofanyika kila mwaka, mpaka mwisho wa Februari, ili samaki wapate nafasi ya kuzaana. Samaki wakipumzika, watu wengi nao wanapumzika: mvuvi, mama anayenunua samaki wa kukausha, na kijana wa pikipiki anayebeba magunia ya samaki kutoka Kashikishi kwenda Mwansabombwe. Mzigo ukikosekana, petroli inakuwa hasara tu. Njia za udongo nazo zinajaa matope. Basi pikipiki inasukumwa kando ya nyumba, inafunikwa, inasubiri Machi.

Watu wa nchi za baridi wana jambo kama hili. Huko Ulaya na Kanada, theluji ikianza, wengi wanalaza pikipiki zao miezi mitatu, minne au zaidi. Sisi hatuna theluji. Pikipiki yetu inalala wakati wa mvua, katika unyevu. Lakini swali ni moja kwao na kwetu: oili ya injini ibadilishwe kabla ya kulala, au baada ya kuamka?

Wengi wetu tunajibu haraka: baada ya kuamka. Tunasema, kwa nini nimwage pesa kwenye injini ambayo haitembei? Nitanunua oili Machi, kazi ikianza. Jibu hilo linaonekana la akili. Leo nataka kukuonyesha kwamba ni jibu la hasara.

Kilichotupata sisi

Nitakupa mfano wa nyumbani kwetu. Mimi na kaka yangu tulikuwa na pikipiki ya sisi 125. Tuliipata kwa pesa za mihogo ya misimu miwili, na shemeji yetu akaongeza pesa zake za mandazi. Pikipiki ile ilikuwa inalisha watu tisa. Mwanzo wa Desemba tuliilaza nje, chini ya plastiki, na oili nyeusi ndani yake. Hatukuigusa tena.

Machi tulipiga kiki, kiki haikushuka. Badala ya kuuliza fundi, tukaiingiza gia, tukaisukuma mteremkoni kwa nguvu ya vijana wanne. Ikawaka. Ikatoa moshi mzito na mlio wa chuma kikisaga chuma, halafu ikazima.

Fundi wa kando ya barabara kule Mwansabombwe aliifungua, akatuita tuangalie. Ndani ya silinda kulikuwa na kutu. Ringi za pistoni zilikuwa zimeshikana na ukuta, na moja ilivunjika tulipolazimisha, ikakwaruza silinda. Kuchonga silinda, kununua pistoni na ringi mpya, kulipa fundi: Mutomboko ya Julai ilitukuta bado tuna deni. Wakati wenzetu wanabeba wageni waliokuja kwenye sherehe ya Mwata Kazembe, sisi tulikuwa tunatembea kwa miguu.

Sitasema oili chafu peke yake ndiyo iliyoua injini. Maji ya mvua yaliingia kupitia bomba la moshi, na sisi tuliongeza kosa kwa kusukuma. Lakini injini iliyolala na oili safi, na mlango wa bomba umezibwa, isingefikia pale. Lita moja ya oili ilitushinda mwezi wa Novemba, tukalipa injini nusu mwezi wa Machi.

Oili inafanya kazi gani?

Watu wengi wanajua kazi moja ya oili: kulainisha, ili vyuma visisagane. Lakini oili ina kazi nyingine tatu. Inapoza injini, kwa kubeba joto kutoka kwenye pistoni. Inasafisha, kwa kuokota masizi na unga wa chuma na kuyabeba ndani yake. Na inalinda vyuma visipate kutu, kwa kuvifunika kwa utando mwembamba.

Kwa hiyo usishangae oili ikiwa nyeusi. Weusi wake unaonyesha kwamba imefanya kazi. Ni kama maji ya kuoshea vyombo: yakichafuka, maana yake vyombo vimetakata. Lakini nani kati yetu anaacha sufuria zake zilale miezi mitatu ndani ya maji hayo machafu?

Ndani ya oili nyeusi kuna nini?

Hapa tusikilizane vizuri. Petroli, ile tuliyozoea kuiita esansi kule Kongo, ikiungua inatoa maji. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji, lakini katika hali ya mvuke. Mvuke mwingi unatoka nje kwa bomba la moshi. Sehemu ndogo inapenya kando ya ringi za pistoni, inashuka chini mahali oili ilipo.

Ukisafiri mbali, injini inapata moto wa kutosha, na mvuke huo unatoka. Ukizunguka tu karibu, kutoka nyumba hadi kisima, kutoka kisima hadi soko la kambi, injini haipati moto wa kutosha. Mvuke unageuka maji, maji yanabaki ndani ya oili.

Pamoja na maji hayo inashuka petroli isiyoungua, yanashuka masizi, na zinatengenezwa asidi. Asidi ni kitu kikali kinachokula chuma polepole, kama maji ya betri yanavyokula nguo. Oili mpya inatoka kiwandani ikiwa na dawa za kuzima asidi hizo. Lakini dawa inaisha kwa matumizi. Oili iliyotembea muda mrefu haina tena kinga.

Pikipiki ikitembea kila siku, madhara yanakuja polepole, kwa sababu oili inazunguka na kuosha kila chuma. Ikilala, kila kitu kinatulia. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yanakaa chini kabisa. Juu, kwenye beringi na kwenye ukuta wa silinda, unabaki utando wa oili chafu yenye asidi. Unakaa hapo siku tisini, bila kupumzika.

Sasa ongeza mvua yetu. Wewe uliyelala chini ya turubai unajua jambo hili: asubuhi unaona matone yananing'inia kwa ndani, na turubai halivuji. Matone yale ni unyevu wa hewa uliokutana na baridi. Injini nayo ina hewa ndani. Mchana hewa inapata joto, inatanuka na kutoka. Usiku inapoa, injini inavuta hewa nyingine yenye unyevu, na matone yanajitengeneza kwenye chuma. Chuma chenye utando safi kinavumilia. Chuma chenye utando mchafu kinaanza kutu.

Hiyo ndiyo sababu ya neno letu la leo. Badilisha oili kabla ya kulaza pikipiki, ili vyuma vilale vikiwa vimevaa nguo safi.

(Muziki mfupi.)

Hatua kwa hatua

Umerudi nasi, msikilizaji. Chukua karatasi, au mwambie mtoto wa shule akuandikie. Kazi hii, ambayo wengine wetu tunaiita vidanji, haihitaji gereji kubwa. Unahitaji spana inayoingia kwenye bolti ya kumwagia oili, beseni kuukuu, kitambaa, na oili mpya. Spana nyingi za kazi hii ni namba 17, lakini jaribu kwanza, usiharibu kichwa cha bolti.

Kwanza, chagua siku ya safari ya mwisho. Ukitoka safarini, injini ikiwa bado na joto, ndio wakati mzuri. Oili ya moto ni nyepesi, inatoka na uchafu wake wote. Oili ya baridi inaacha matope chini. Kama pikipiki haijatembea, iwashe dakika tano hadi kumi, uwanjani, kamwe isiwe ndani ya nyumba. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na hewa hiyo inaua mtu akiwa amelala.

Pili, zima. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, mahali palipo sawa. Fungua kifuniko cha kujazia oili. Weka beseni chini, fungua bolti ya kumwagia. Angalia mkono wako: oili hiyo inachoma.

Tatu, acha imwagike dakika kumi hadi kumi na tano. Usiwe na haraka. Wakati huo angalia oili yenyewe. Ikiwa nyeusi tu, ni kawaida. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kuna maji ndani. Ikinuka petroli sana, kabureta inavuja. Ukiona vipande vya chuma, siyo unga, usilaze tu. Tafuta fundi kabla pesa za msimu hazijaisha.

Nne, kama injini yako ina chujio la oili, lisafishe au libadilishe. Pikipiki nyingi ndogo zina wavu tu wa chuma. Uoshe kwa petroli kidogo, mbali na moto, uukaushe, uurudishe.

Tano, rudisha bolti na pete yake bapa. Anza kwa vidole, ili ishike nyuzi vizuri, kisha kaza kwa spana. Usikaze kwa hasira. Injini ni ya alumini, na nyuzi za alumini zikikatika, kesi ni kubwa kuliko oili.

Sita, mimina oili mpya. Injini nyingi za sisi 100 hadi 150 zinachukua karibu lita moja. Mara nyingi kiasi kimeandikwa kwenye injini yenyewe, karibu na kifuniko. Mimina kidogo kidogo, pima kwa kijiti. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikipita alama ya juu nayo ni shida, inaweza kusukumwa nje kupitia sili.

Saba, na hii wengi wanaisahau: washa injini dakika mbili au tatu. Lengo ni oili mpya ipande juu, ifunike kila chuma. Oili mpya iliyobaki chini tu haisaidii silinda. Zima, subiri kidogo, pima tena, ongeza kama imepungua.

Oili gani?

Kwenye chupa utaona namba kama 20W-50 au 10W-40. Namba ya kwanza inaonyesha uzito wa oili ikiwa baridi, na ile herufi W inatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Namba ya pili inaonyesha uzito wake injini ikiwa moto. Tumia namba iliyoandikwa na mtengenezaji wa pikipiki yako.

Tafuta pia maandishi JASO MA kwenye chupa. Hiyo ni alama ya oili ya pikipiki zenye klachi inayooga ndani ya oili ya injini, na pikipiki nyingi za kazi hapa kwetu, kama Bajaj Boxer, TVS na Haojue zenye gia za mguu, ziko hivyo. Baadhi ya oili za magari zinateleza sana, na klachi inashindwa kushika ukipanda mlima na mzigo.

Kama una pikipiki ya zamani inayochanganya oili na petroli, oili ya gia zake inakaa peke yake. Muulize fundi akuonyeshe mahali pake, na usiguse kwa kubahatisha.

Angalia pia chupa yenyewe. Kifuniko kiwe hakijafunguliwa. Oili inayouzwa kwa kupimwa kutoka kwenye dumu lisilo na jina inaweza kuwa oili ya zamani iliyochujwa. Rangi inadanganya.

Nasikia mtu anasema: mtangazaji, pesa iko wapi? Ni kweli. Ndiyo maana tunazungumza Novemba, siyo Desemba. Mzigo wa mwisho wa samaki ukilipwa, toa pesa ya oili kabla ya kitu kingine hakijaiita. Kama mko kwenye chilimba, mnaweza kupanga zamu za Novemba ziwaangukie wenye pikipiki. Au wanne mnunue pamoja dumu moja lililofungwa. Mara nyingi lita inatoka kwa bei nafuu kuliko chupa ndogo. Linganisha bei ya lita moja na bei ya pistoni, ringi na kazi ya fundi, halafu uamue mwenyewe.

Baada ya oili

Oili ikishakuwa safi, kazi nyingine ni ndogo. Ngoja injini ipoe kabisa. Fungua plagi, ile buji, tia oili safi kiasi cha kijiko kimoja cha chai ndani ya silinda. Hakikisha ufunguo umezimwa. Piga kiki polepole mara tano au sita ili oili hiyo ipake ukuta wa silinda, kisha rudisha plagi.

Fungua nyaya za betri, ukianza na waya hasi. Betri ikae mahali pakavu, na kila mwezi ipelekwe kuchajiwa mahali penye sola au umeme. Paka mnyororo oili safi. Osha matope, kausha, halafu funika. Usifunge plastiki mpaka chini kabisa, kwa sababu unyevu utabaki ndani. Acha hewa ipite. Ziba mdomo wa bomba la moshi kwa kitambaa, ili maji, panya na nyigu wasiingie. Funga kamba nyekundu kwenye usukani, ikukumbushe kukitoa kabla ya kuwasha.

Petroli na nyumba ya kulala

Hapa naomba akina mama na akina baba wote mnisikilize, hata msio na pikipiki.

Ukisoma vitabu vya ufundi, vinasema: jaza tangi petroli, kwa sababu tangi tupu linapata kutu. Ni kweli kwa mtu mwenye banda la pikipiki. Sisi wengi tunalaza pikipiki ndani ya nyumba tunamolala na watoto, tukiogopa wezi, na mbaula iko hatua chache. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatembea chini sakafuni mpaka unakutana na moto. Nyumba yenye paa la nyasi au turubai haikupi muda wa kutoka.

Basi kama pikipiki itakaa ndani, toa petroli yote, ukiwa nje, mchana, mbali na moto na sigara. Toa ya kwenye tangi na ya kwenye kabureta. Kabureta ina bolti ndogo chini ya kukimwagia. Acha tangi wazi nje mpaka harufu iishe. Kisha tia oili safi kidogo ndani ya tangi, litikise ipake pande zote. Machi utaisuuza kwa petroli kidogo. Tangi likipata kutu kidogo, litasafishwa. Mtoto akiungua, hakuna fundi wa kumrudisha.

Petroli uliyotoa usiiweke kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto hajui kusoma harufu. Mpe au muuzie anayeitumia leo.

Usiiwashe dakika mbili

Kuna desturi ya kuwasha pikipiki kila Jumapili dakika mbili, eti isisahau kazi. Sasa umeshajua petroli ikiungua inatoa maji. Dakika mbili hazitoshi kuipasha injini moto na kuyatoa maji hayo. Kila Jumapili unaongeza maji kwenye oili yako safi. Ukiwa na lazima ya kuitumia, kwa mfano kumpeleka mgonjwa kliniki, itumie, uhai kwanza. Ukirudi, izungushe mpaka jumla ipate dakika kama ishirini za mwendo. Vinginevyo, iache ilale.

Machi ikifika

Toa kile kitambaa kwenye bomba. Rudisha betri, tia petroli mpya. Kabla ya kuwasha, toa plagi na piga kiki polepole mara kumi, oili ipande juu. Kiki ikikataa kushuka, simama hapo hapo. Usisukume, usiingize gia. Sisi tulisukuma, na umesikia tulifika wapi. Tia oili kidogo kupitia tundu la plagi, iache usiku kucha, jaribu tena polepole, na ikikataa mwite fundi.

Je, ubadilishe oili tena Machi? Kama uliibadilisha kabla ya kulaza, na injini haikuwashwa, pima na uangalie rangi. Ikiwa safi, endelea nayo. Miezi mitatu ya kukaa haiiharibu oili mpya. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, imwage. Kwa hiyo gharama ni moja tu. Unachobadilisha ni tarehe ya kuilipa.

Oili chafu iende wapi?

Usiimwage kwenye nyasi nyuma ya nyumba. Mvua itaibeba mpaka dambo, mpaka kisima, mpaka ziwani kwenye samaki wale wale tunaowasubiri wazaane. Oili kidogo tu inaharibu maji mengi. Usiitumie kwenye taa, usipake kidonda, usipake ngozi ya mtu wala ya mnyama. Oili chafu ikikaa kwenye ngozi mara kwa mara kwa miaka inaweza kuleta ugonjwa wa ngozi, hata saratani. Osha mikono kwa sabuni kila unapomaliza kazi.

Ikusanye kwenye dumu lenye kifuniko, liandike wazi OILI CHAFU, weka mbali na watoto na na mafuta ya kupikia. Mafundi wa sehemu moja mnaweza kuwa na dumu moja la pamoja, na kuwauliza viongozi wa sehemu na wahusika wa usafi wa kambi mahali pa kulipeleka.

Tukumbuke

Ndugu msikilizaji, tukifunga, kumbuka mambo matano. Moja, oili ibadilishwe kabla ya kulala, injini ikiwa na joto. Mbili, baada ya kuweka oili mpya, washa dakika mbili au tatu ili ipande juu, kisha zima mpaka Machi. Tatu, ziba bomba la moshi, tia kijiko cha oili kwenye silinda. Nne, petroli isilale ndani ya nyumba na watoto. Tano, oili chafu isiende kwenye maji.

Wengi wetu tulivuka mpaka mwaka 2017 na kufika hapa mwaka 2018 tukiwa na kile tulichobeba kichwani. Pikipiki moja hapa ni shamba, ni duka, ni karo, na usiku wa dharura ni gari la wagonjwa. Ilazwe vizuri.

Kwa vikundi vya wasikilizaji, mjadiliane:

Katika sehemu yenu, nani ana pikipiki itakayolala kuanzia Desemba, na imetembea muda gani tangu oili ya mwisho?

Pikipiki zinazolala ndani ya nyumba, zinaweza kupata banda moja la pamoja lenye mlinzi?

Dumu la oili chafu liwekwe wapi, na nani atalitunza?

Mimi ni mtangazaji wenu. Mpaka kipindi kijacho, mvua na iwe ya baraka.

(Muziki wa kufunga.)